Uzoefu wangu: kujifunza rangi za mafuta kwa kunakili Caravaggio

Kozi yenyewe ni ya jioni, mara moja kwa wiki, kwenye studio moja hapa London. Nadharia ni kidogo sana. Unapewa turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, na picha moja, unainakili hadi iishe. Sisi tulipewa Karamu ya Emau ya mwaka 1601, kazi ya Caravaggio, mchoraji wa Italia: Yesu aliyefufuka anabariki mkate, na wale wanafunzi wawili wa Luka 24 wanamtambua papo hapo.

Kwa sisi tuliokulia na Yesu wa kalenda, huyu anashtua. Hana ndevu, mashavu yamejaa. Nilipomtumia mama picha kwa WhatsApp aliniuliza huyo dada anayeombea chakula ni nani.

Mwalimu anajua kazi, hilo siwezi kumnyima. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa rangi ya ngozi mpaka picha nzima isimame kwa kahawia tupu iliyozimuliwa na tapentaini. Watu walinuna, lakini mwanga na kivuli vikishakaa pale, rangi nyingine zinajua pa kwenda. Tena akasisitiza: tabaka la chini liwe na mafuta ya kitani kidogo, la juu yazidi. Ukigeuza, la juu linatangulia kukauka huku la chini bado linacheza, na baadaye picha inapasuka. Na matambara yenye mafuta msiyarundike, maana yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti.

Somo nililolipenda kuliko yote ni kiwiko cha mwanafunzi wa kushoto. Koti lake la kijani limechanika, na nguo nyeupe inachungulia. Mwalimu alichanganya nyeupe, kahawia na kijani kidogo, ikawa rangi ya vumbi, akaipaka yote pale kwenye tundu. Nyeupe safi aliigusisha mara moja tu, kwa ncha ya brashi. Ukirudi nyuma hatua mbili, nguo inang'aa.

Sasa lawama. Turubai ya 50 kwa 70 inalingana vizuri na umbo la picha asili, ambayo ni kama sentimita 141 kwa 196, lakini waliyotupa ni ya pamba nyepesi, inalegea ukiikandamiza. Kibaya zaidi ni nakala za karatasi tulizopewa kuigia: zimechapishwa giza, kivuli chote kinaonekana lami. Kwa bahati picha halisi iko hapa hapa London, kwenye jumba la sanaa la National Gallery, pale Trafalgar Square, na kuingia ni bure. Nenda uisimamie mbele. Vivuli ni vya kahawia, vina joto, na kile kikapu cha matunda kimekaa ukingoni mwa meza hadi unatamani kukirudisha ndani. Kwa ada ile, na si ya kitoto, darasa zima lingepelekwa pale siku ya kwanza. Hakuna aliyetupeleka.

Kama hujawahi kuchora hata kwa penseli, subiri kwanza. Mikono ya picha hii itakutoa jasho. Mwanafunzi wa kulia ametanua mikono, na ule wa mbali unakaribia kulingana na wa karibu, kinyume na macho yanavyotarajia. Mwenye msingi wa kuchora, lipa.

Mimi nimeshajiandikisha muhula ujao, ila turubai nitakwenda na yangu, ya kitani.