Viatu vyangu vya kugrindi baada ya miezi 18: chunga bolti za fremu

Nimevaa viatu hivi vya magurudumu ya mstari mmoja kwa miezi 18, mara tatu au nne kwa wiki, nikiteleza kwenye reli za chuma na kingo za saruji. Buti lenyewe sina neno nalo. Limejaa mikwaruzo, lakini halina ufa hata mmoja, na bizimu zinabana kama siku ya kwanza.

Kilichonisumbua ni bolti za fremu. Fremu, yaani kile kipande kinachobeba magurudumu chini ya buti, hushikwa na bolti mbili, moja mbele na moja nyuma, kwa mfumo wa UFS (Universal Frame System, mpangilio mmoja wa matundu ya bolti unaotumiwa na kampuni nyingi), na kila unapotua kishindo chote hupita hapo. Zangu zilikuja bila tone la gundi ya kushikilia nyuzi. Mwezi wa pili nikaanza kusikia mlio, tak, kila ninapotua. Nikashuku beringi. Nikazitoa zote 16, nikaziosha, mlio ukawa uleule. Siku mbili baadaye mguu wa kulia ukapinda katikati ya reli, nikaangukia kiwiko. Namshukuru Mungu nilikuwa nimevaa kinga. Nilipoishika ile fremu, ilicheza mkononi kama jino la mtoto. Siku hizi bolti zina gundi (ile ya nguvu ya kati, inayofunguka kwa spana ya kawaida), na sifungi kamba kabla ya kuitikisa fremu kwa mkono.

Kwenye beringi nako niliharibu. Ni za aina ya 608, zilezile za skateboard: kipenyo cha nje 22 mm, tundu 8 mm. Nilizipulizia dawa ya kulegeza nati zenye kutu, zikazunguka vizuri ajabu kwa siku chache, kisha zikaanza kulia. Dawa ile ilikuwa imeyeyusha grisi ya ndani, na vumbi likanata kwenye unyevu uliobaki. Sasa natoa kifuniko cha pembeni kwa sindano, naloweka kwenye spiriti, natikisa, naziacha zikauke kabisa, kisha tone moja la oili kwa kila beringi. Oili nyingi hukusanya uchafu. Ukipita kwenye maji, usilaze viatu hivyohivyo; kutu huanza haraka kuliko unavyodhani. Soksi nene ya ndani ya buti nayo naichomoa ili jasho lake likauke kivulini.

Magurudumu yangu ni ya 58 mm, ugumu 90A. Hulika upande wa ndani, kwa hiyo nayageuza na kuyahamisha kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Ekseli naikaza mpaka gurudumu lisiyumbe, kisha nalizungusha kwa kidole. Likigoma, nalegeza kidogo.

Je, ningenunua tena? Ndiyo, bila kusita, kwa sababu ya UFS hiyohiyo: fremu ikiisha, nabadilisha fremu peke yake, hata ya kampuni nyingine, na buti linaendelea. Bamba la soli, ile sehemu ya chini ya buti inayosugua reli, pia hufunguka kwa bolti. Hilo ndilo linaloliwa zaidi. La kushoto, mguu ninaotanguliza kwenye reli, limebaki karibu nusu ya unene wake, na vichwa vya bolti vimeanza kugusa chuma. Nimeshaagiza jipya.