Simenti ya kujengea Mtwara: uliza umri kabla ya jina

Uzio wangu pale Mikindani ulianza kumomonyoka kabla sijamaliza deni la tofali. Ukipitisha ukucha kwenye maungio, udongo unamwagika kama unga wa muhogo. Fundi tulimsema sana, mimi nikiwa wa kwanza, mpaka siku nilipoukuta mfuko mmoja uliosalia stoo umekuwa jiwe. Simenti ilikuwa imezeeka tangu dukani, na niliinunua mwenyewe kwa sababu ilipunguzwa bei. Fundi nimeshamwomba radhi.

Kwa hiyo bei mtauliziana wenyewe, na uzito wote tunaujua, kilo 50. Nazungumzia umri tu.

Simenti hunywa unyevu wa hewani, na hewa yetu ya pwani inao wa kutosha. Mfuko wa karatasi hauuzuii. Inaanza kuganda humo ndani kabla haijaonja maji ya fundi, na ikipita miezi mitatu nguvu imeshapungua hata kama mfuko bado unavutia. Ukifika dukani, tafuta tarehe kwenye mfuko. Ikiwa imefutika, minya pembe. Mfuko uliokaa chini ya mingine unaweza kuwa mgumu kwa kulaliwa tu. Uviringishe sakafuni mara mbili tatu, utalegea. Usipolegea, uache. Ukifunguliwa, ingiza mkono: simenti nzima ni ya baridi na laini, na bonge linavunjika kwa vidole viwili. Bonge linalotaka nyundo, rudisha mfuko. Muuzaji akikwambia "dada, chekecha tu", mwambie akajengee kwake. Ukichekecha unatoa mabonge, nguvu iliyopotea hairudi.

Sasa chaguo langu, na sijifichi: Dangote. Kiwanda kipo hapahapa Mtwara, Rais Kikwete alikizindua Oktoba 2015, na mfuko hauna safari ndefu ya kuzeekea njiani. Kwa kujengea tofali na plasta nachukua 32.5. Namba hiyo ni nguvu yake baada ya siku 28, na kwa udongo wa kujengea inatosha kabisa: ndoo moja ya simenti kwa sita za mchanga, plasta moja kwa nne. Watu wanalazimisha 42.5 kwenye ukuta kwa kudhani ukali ndio ubora. Kisha fundi anaona ina nguvu, anaongeza mchanga, na faida yote inaishia hapo.

Hiyo 42.5 ndiyo ya pili kwangu, kwa lenta, nguzo na jamvi. Zege moja, mbili, nne: simenti, mchanga, kokoto. Mwagilieni maji siku saba, jamani, na mchanga wa ufukweni msiuguse, chumvi yake inakula nondo.

Ya tatu ni Twiga. Simenti nzuri, sina ugomvi nayo, lakini inatoka Wazo Hill, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Ukiikuta na tarehe ya karibuni, chukua. Kwa walioko Lindi mjini ushauri ni uleule, tarehe kwanza.

Za kupimiwa kwa ndoo ni za kuzibia panya.

Kinachoniuma ni maduka yetu. Msimu wa korosho ukifunguliwa, Oktoba, kila mtu anataka kupandisha nyumba, na simenti inapanda bei siku ileile. Ukiuliza, unaambiwa usafiri. Usafiri upi, na kiwanda kipo mkoa huuhuu? Halafu ndio wakati wanapotoa mifuko iliyolala stoo tangu masika, imepangwa sakafuni bila ubao, imeegemea ukuta unaotoa jasho. Mipya inawekwa mbele uione, ya kwako inapakiwa kutoka nyuma wakati unahesabu pesa. Mimi yalinikuta hayohayo, tena nilipewa soda nikae kwenye benchi nisubiri.

Siku hizi soda nainywa nimesimama mlangoni mwa stoo, nasoma tarehe mfuko kwa mfuko kabla haujapanda kirikuu. Vijana wa kupakia wananiita bibi afya. Nanunua ya kazi ya wiki moja tu, naipanga juu ya mbao mbali na ukuta, ikiisha narudi. Nauli inaongezeka kidogo, lakini uzio wa upande wa pili nimeukwaruza kwa msumari juzi na haukutoa hata vumbi.