Lenzi ya kukodi iliyonikosesha vifaranga wa sile-maua

Nimekodi vifaa vya picha katika maduka kadhaa ya Nairobi, na sikumbuki kuondoka popote nikiwa na hasira kama hii. Duka ninalolisema, ambalo jina lake naliacha, hukodisha lenzi ndefu kwa wapiga picha wa ndege na wanyama. Uzito wa lenzi na bei yake mtavipata kwingine. Mimi nina jambo moja tu.

Nililipia lenzi ya milimita 600, nikaweka na amana, nikateremka nayo hadi Ziwa Naivasha mvua za vuli zilipokuwa zikianza. Maji yaliyopanda miaka michache iliyopita yameacha migunga mikavu imesimama ndani ya ziwa, na katikati yake gugu maji limeshikamana kiasi cha sile-maua, ndege wa majini, kutembea juu yake kwa vidole vyake virefu. Huyo ndiye niliyemfuata. Jike lake hutaga akaenda zake kutafuta dume mwingine, na dume aliyeachiwa mayai ndiye anayeatamia na kulea. Ikitokea hatari, huwabeba vifaranga chini ya mabawa, miguu yao ikining'inia nje, hata ukamwona ndege mmoja mwenye miguu kumi.

Mzee wa boti, Mungu ambariki, alizima injini mapema akaacha upepo utusogeze. Lenzi nilikuwa nimeilaza ukingoni juu ya mfuko wa maharagwe, kwa sababu stendi ndani ya boti hutetemeka pamoja na boti. Mara kwazi, yule tai mla samaki, akapita juu yetu. Dume akaita, akachuchumaa, vifaranga wakajipenyeza mmoja baada ya mwingine, naye akainuka nao. Nikabonyeza. Lenzi ikaanza kutafuta mbele na nyuma, ikaishia kulenga migunga iliyo mbali, na mbele yangu nikabaki na ukungu wa kijani. Swichi ya ubavuni, ile inayoweka mpaka wa umbali wa kulenga, ilikuwa imelegea: nikiishikilia kwa kidole inatulia, nikiiachia inaruka. Nilipofaulu kulenga kwa kuzungusha pete kwa mkono, dume alikwisha kuwashusha watoto nyuma ya magugu.

Ubovu wa kifaa ningeusamehe. Nisichoweza kukisamehe ni yule kijana wa kaunta ya duka, ambaye nilipoirudisha lenzi hakuinua hata macho: “Lenzi ni nzima, mama. Hizi zina wenyewe. Wewe ungeanza na simu kwanza.” Nilipomwonyesha swichi ikicheza, lenzi iliyokuwa nzima dakika ile ile ikageuka kuwa mbovu, na aliyeivunja ni mimi, na sehemu ya amana yangu ikakatwa kwa ajili ya matengenezo.

Haki nayo isemwe. Siku hiyo hiyo, kidole kikiwa juu ya swichi, nilimpata kibisi mdogo, ndege mpiga mbizi, na mtoto wake mwenye kichwa cha milia akiwa amepanda mgongoni, na tulikuwa mbali kiasi kwamba mzazi hakugeuza hata shingo. Kila unyoya unahesabika. Kwa lenzi fupi ningelazimika kumsogelea hadi apige mbizi na mtoto wake, na kwa picha hiyo moja ningewapa alama zote. Lakini kila nikiitazama nasikia “ungeanza na simu”, na alama zote nazirudisha mfukoni.

Nilikusudia kuwaambia msikanyage pale kabisa. Ila lenzi za urefu ule hazikodishwi kila mahali, kwa hiyo nendeni, mtikise kila swichi mbele ya kijana huyo, mpige picha lenzi pande zote, na msitie saini kabla ubovu wowote haujaandikwa kwenye risiti. Mimi sirudi, labda wamrudishe kaunta yule dada wa zamani, na amana yangu pamoja naye.