Steshenari ya Mwanjelwa iliyompangia mdogo wangu digrii ya falsafa

Naandika kwa ajili ya wazazi, kaka na dada wenye vijana waliomaliza fomu siksi hapa Mbeya, maana mimi nilishapoteza hela kabla sijaifahamu steshenari hii. Steshenari ya kwanza tuliyoenda kujaza maombi ya chuo (jina naliacha) mdogo wangu alipotamka falsafa yule aliyekuwa kwenye kompyuta akamuuliza "kwani unataka upadri?" halafu akamjazia kozi zake alizozoea kuwajazia watu, elfu ishirini ikaenda hivyo. Dogo alirudi nyumbani kanyong'onyea hata kula hakula.

Jirani ndo akatuelekeza Mwanjelwa, kasteshenari kadogo tu karibu na soko, mwenyewe aliwahi kuwa frateri, yaani mwanafunzi wa upadri, akasoma falsafa seminari kuu kabla hajatoka. Tulienda na mama Jumamosi. Akampa mama shikamoo, akamtafutia kiti, ndo akamgeukia dogo: kitu gani kinakusumbua kichwani mpaka unataka kusoma hii kitu? Yaani hakuna mtu aliwahi kumuuliza hivyo, hata mimi. Dogo akasema anataka kujua haki ni nini, kwa sababu shamba la marehemu baba lilipogawanywa kila mtu alikuwa anaapa anadai haki na mpaka leo hawasalimiani. Jamaa akasukuma kazi zingine pembeni akachukua karatasi.

Alianza na matokeo. Dogo kasoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza), ana C ya historia na D mbili, akamwambia kima cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, ni pointi 4 kwenye masomo mawili, C ni 3 na D ni 2 kwa hiyo ana 5, aombe Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kwenye Falsafa na Maadili ila ajue chuo kinaweza kuweka sifa zake juu ya hapo. Digrii ya miaka mitatu ni krediti 360, 120 kila mwaka, na krediti moja ni masaa 10 ya kazi, akapiga hesabu mbele yetu ikaja masaa 1,200 kwa mwaka, akasema lekcha humo ni sehemu ndogo, kinachokula muda ni kusoma mwenyewe na kuandika, kama hupendi kusoma sema leo. Nilimheshimu kwa hilo.

Mwaka wa kwanza akaweka mantiki mbele ya kila kitu. Akamuuliza: mvua ikinyesha lami ya mteremko wa Iwambi inateleza, leo inateleza, je mvua imenyesha? Dogo akajibu ndiyo. Mama akadakia, hapana, labda lori limemwaga oili! Jamaa akafurahi kweli, akasema mama kapatia, na hilo ni kosa ambalo hata wasomi wanalifanya kila siku. Mama tangu siku hiyo haulizi tena falsafa ni ya nini.

Pamoja na mantiki akamwekea Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwa sababu swali la haki ni nini yule mzee kahangaika nalo miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, kisha Aristotle mwanafunzi wake, mwaka wa pili wanafalsafa wa Ulaya wa baadaye, Descartes, Hume, halafu ndo Kant, na akasisitiza asimsome Kant kabla ya Hume maana Kant mwenyewe alikiri Hume ndiye aliyemwamsha usingizini. Kozi za kuchagua achukue za siasa na sheria. Falsafa ya Afrika asiiache mpaka mwisho, amsome Mwalimu Nyerere na maandishi yake ya Ujamaa ya 1962, amsome Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya aliyekuwa anakaa na wazee vijijini anawahoji wanavyofikiri. Utafiti wa mwaka wa tatu akaufanye kwetu Rungwe, awaulize wazee habari za vile vijiji vya rika, vijana wa umri mmoja walivyokuwa wanajenga kijiji chao na wazee walivyokuwa wanakabidhi uongozi, aone wao haki ya ardhi waliiwekaje. Hapo dogo machozi yalimlenga nikamwona.

Kwenye ajira hakutupamba. Falsafa sio somo la sekondari kwa hiyo asitegemee kutoka chuo akaingia darasani, ajifunze kuandika vizuri Kiswahili na Kiingereza maana huko ndo atakapouzia alichosoma.

Kasoro zipo. Kompyuta ni moja, mtandao ulikata mara mbili, bajaji zinapiga kelele mlangoni, na mambo ya ada na mkopo aligusa tu ikabidi nikaulize kwingine. Tulikaa karibu masaa matatu na watu wa fotokopi nyuma yetu wananuna. Alitutoza elfu kumi na tano ya maombi tu, ile karatasi ya mpango alikataa kuilipisha, dogo kaibandika ukutani juu ya kitanda.

Nampa nyota nne na nusu. Ukienda nenda siku za kazi kabla ya saa nne asubuhi, na beba cheti cha fomu foo maana ile namba ya mtihani wanaihitaji, sisi ilibidi dogo arudi nyumbani Uyole kuifuata.