Mkongojo au fremu ya kutembelea: kipi kimfae mzee nyumbani?

Mzee anayesumbuliwa na goti moja, mkongojo unamtosha. Aushike kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si ule unaouma. Wengi hukosea hapo. Akisimama wima mikono ikining'inia, mpini ufike usawa wa kifundo cha mkono. Ncha nayo iwe na mpira ambao haujalika, maana vigae vikilowa vinateleza vibaya.

Fremu ya miguu minne ni ya anayeyumba, au aliyevunjika nyonga. Ni imara zaidi, ila inachukua mikono yote miwili, na kwenye ngazi, vizingiti virefu au uani penye mchanga ni mateso.

Kama bado anasimama bila kushikwa, ningeanza na mkongojo, na pesa inayobaki nifungie vyuma vya kushikilia chooni.