Cherehani ya kushonea mifarishi kwa fedha kidogo: ipi ianze, ipi iachwe

Mfarishi wa viraka, kuanzia kipande cha kwanza hadi pindo la mwisho, unaweza kushonwa wote kwa mshono mmoja: ule wa moja kwa moja. Cherehani inayojinadi kwa mishono mia mbili inakuuzia mingi ambayo mfarishi hautaigusa. Zigizaga ina kazi yake ukipenda kubandika maua na maumbo juu ya kitambaa, lakini hapo ndipo mahitaji yanapokoma. Fedha kidogo iliyopo iende kwenye mshono ulionyooka usioruka, nafasi pana kulia kwa sindano, na miguu ya ziada (vipande vya kukandamiza kitambaa chini ya sindano) inayopatikana bila taabu. Cherehani zilizopangwa hapa zimepimwa kwa vigezo hivyo, kwa mtu anayetaka moja ifanye kazi zote mbili: kuunga viraka, kisha kufunga matabaka matatu pamoja, yaani kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini.

Tuanze na nafasi, maana ndiyo wanunuzi wengi husahau kuipima. Weka rula kutoka kwenye sindano hadi kwenye nguzo ya cherehani. Nyingi za nyumbani zina inchi 6 hadi 7. Ukiwa unashona katikati ya mfarishi wa inchi 60 kwa 80, nusu nzima ya upana wake, inchi 30, inabidi ikunjwe kama mkeka na ipite hapo. Pamba nyembamba hupita. Pamba nene ya poliesta hujaa, nawe unaanza kuuvuta mfarishi, na kuvuta huko ndiko kunakopinda sindano. Sindano iliyopinda hupiga bamba, yaani sahani ya chuma iliyo chini yake, ikavunjika, au huikosa ndoano inayoshika uzi chini ya bamba na mshono ukaruka. Mwenye inchi 6 anayetaka mfarishi mkubwa ashone sehemu tatu, kila moja ikiwa tayari na matabaka yake yote, akiacha inchi moja au mbili za pembeni bila kufungwa, kisha aziunganishe. Kwa inchi 9 mfarishi wa kitanda kimoja hupita mzima.

Nafasi ya kwanza: cherehani ya chuma iliyotumika, ya mshono wa moja kwa moja tu

Singer 15, Singer 201, na nakala nyingi za Singer 15 zilizotengenezwa Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia na baadaye China. Tundu la bamba lake ni dogo na la duara, si mfereji mpana wa zigizaga, kwa hiyo ncha ya kiraka haimezwi chini mwanzoni mwa mshono na mstari hauyumbi. Hutumia sindano za kawaida za nyumbani. Singer 15 inachukua bobini (vigurudumu vya uzi wa chini) za aina ya 15, na 201 zile za aina ya 66. Zote bado zinatengenezwa.

Kabla ya kulipa, zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa gumu, usikimbie: mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda, na mafuta mapya ya cherehani pamoja na subira huyalegeza. Sababu za kuiacha ni nyingine. Shika mhimili wa sindano uutikise; ukicheza kwa upana unaoonekana kwa jicho, umelika. Chomoa boksi ya bobini upapase ncha ya ndoano kwa ukucha: kutu au mkwaruzo hukata uzi kila baada ya sentimita chache. Boksi isiyokuwepo ni gharama ya ziada, tena za Singer 15 zipo za aina mbili, zikitofautiana mahali kidole chake kinapoelekea, kwenye namba 11 au namba 1 ya uso wa saa. Haziingiliani. Kagua waya wa mota pia. Mpira wake ukipasuka na kumeguka ukiukunja, ni lazima ubadilishwe kabla ya kuchomeka. Na usome volti kwenye kibandiko cha mota: ya 110 ikichomekwa kwenye 220 bila transfoma huungua.

Cherehani nyingi za aina hii hurudishwa dukani kwa madai kwamba haishoni, kumbe sindano imegeuzwa. Katika Singer 15 upande bapa wa sindano hutazama kushoto, na uzi hupitishwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Ziepuke zenye bobini ndefu nyembamba, kama Singer 27 na 128, si kwa ubovu bali kwa sababu bobini zake hubeba uzi kidogo na kuzipata ni kazi. Iepuke pia Singer 66 ya zamani ambayo mguu wake hufungwa kwa nyuma, maana miguu ya kisasa haiingii. Ya kuzungusha kwa mkono inaunga viraka vizuri, ila inakuachia mkono mmoja tu. Kufunga matabaka kunataka miwili. Chukua ya kukanyaga au yenye mota.

Nafasi ya pili: ya kielektroniki ya bei ya chini, inayokuja na miguu yake

Brother CS6000i, na CS7000X iliyofuata, ndizo mfano mzuri wa kundi hili. Ndani ya boksi inayouziwa mna mguu wenye meno ya juu (unaosogeza kitambaa cha juu sawa na cha chini), mguu wa springi (wa mshono huru, ambapo unasogeza kitambaa kwa mikono) na meza ya kupanua. Ukinunua vitu hivyo kimoja kimoja, akiba uliyofikiri umeipata kwenye cherehani ya bei ya chini zaidi huisha. Unaweza kuiamuru sindano isimame ikiwa chini, jambo linalorahisisha kugeuza kona, na kasi ina kikomo unachoweka mwenyewe. Udhaifu wake ni wepesi: mfarishi mzito ukining'inia mezani huivuta, hivyo weka meza nyingine kushoto na nyuma ya kubeba uzito. Bodi ya umeme ikifa, ukarabati mara nyingi hauna maana.

Kwa nini cherehani mpya ikae chini ya kuukuu? Kwa sababu ya uimara na usahihi wa mstari tu. Kama hakuna fundi karibu nawe, au hutaki kushika bisibisi, geuza mpangilio huu bila wasiwasi.

Nafasi ya tatu: ya kasi, mshono wa moja kwa moja, iliyotumika

Juki TL-2010Q, Brother PQ1500SL, Janome 1600P. Nafasi yake ni karibu inchi 9, kasi yake hufika mishono 1,500 kwa dakika au zaidi, na mguu hunyanyuliwa kwa goti. Kwa kazi yenyewe hizi zingekuwa za kwanza. Bei ndiyo iliyozishusha. Ukiikuta iliyotumika kwa bei isiyozidi ya mpya ya kundi la pili, usiiache.

Nafasi ya nne: za kawaida zenye jina la "kazi nzito"

Singer 4423 ni mfano: kasi ya mishono 1,100 kwa dakika na fremu ya chuma ndani. Hushona jinzi bila kulalamika, lakini nafasi yake ni ileile ya cherehani ndogo, na nguvu ya kutoboa si tatizo la mfarishi wa pamba.

Za kuachwa

Cherehani ndogo za betri haziwezi matabaka matatu. Za kiwandani, kama Juki DDL-8700, huunga viraka kwa usahihi mkubwa na nafasi ni tele, ila meno yake ya kusukuma kitambaa hayajatengenezwa ya kushushwa kwa mshono huru na meza yake haihamishiki. Kama cherehani ya pili, sawa. Zenye kudarizi zinakutoza kwa kudarizi.

Jaribio la dukani

Nenda na vitambaa vyako. Kata vipande vitatu vyenye upana wa inchi 1½, uviunge ubavu kwa ubavu kwa ukingo wa robo inchi, kisha upige pasi. Cha katikati lazima kibaki inchi 1 kamili, na upana wote inchi 3½. Usilichukulie hili kama ushabiki wa rula: ukingo ukizidi kwa 1/16 ya inchi kila upande, mstari wa viraka 12 wenye mishono 11 hupungua inchi 1⅜. Jaribu kusogeza sindano au kubandika utepe kwenye bamba kabla ya kuihukumu cherehani.

Kisha chukua pamba katikati ya vitambaa viwili, mraba wa sentimita 30 wenye makutano ya mishono ndani yake. Tumia sindano namba 90/14 na urefu wa milimita 2.5 hadi 3, upite juu ya makutano. Geuza. Vinundu vya uzi wa juu vikionekana chini, inua mguu, tunga uzi upya, kisha urekebishe mkazo wa uzi. Vikibaki pale pale, muulize muuzaji kwa nini. Kitambaa cha juu kikisogea mbele na kukunjamana, hilo si kosa la cherehani: ndiyo kazi ya mguu wenye meno ya juu.

Kabla ya kununua mguu huo, ushushe mguu uliopo na upime kutoka skrubu yake hadi kwenye bamba. Karibu milimita 19 ni mhimili mfupi wa kushikia mguu, karibu 32 ni mrefu, na mguu wa mmoja haukai kwa mwingine. Kwa mshono huru wa maua na mawimbi unahitaji mguu wa springi na meno yaliyoshushwa. Kama hayashuki, weka urefu wa mshono kwenye sifuri: yatapanda na kushuka bila kusukuma chochote. Ongeza mguu wa robo inchi na pakiti ya sindano 80/12 za kuunga viraka, ukibadilisha sindano kila baada ya saa nane hivi za kushona.