Karakana ya Saa Kampala Inayoliheshimu Jiwe Jeusi

Mwenye saa ya mezani ya Kifaransa ya jiwe jeusi, zile nzito zilizotengenezwa kwa wingi katika nusu ya pili ya karne ya 19, hana budi kumchagua fundi kwa uangalifu, kwa kuwa mafundi wengi mjini Kampala wanaujua mtambo lakini jiwe hawalijui. Karakana niliyoipelekea yangu, iliyo ghorofani karibu na Barabara ya Luwum, inavijua vyote viwili, nami naisifu ingawa ina kasoro moja.

Kilichonipa imani ni mambo ambayo fundi alikataa kuyafanya. Kasha lilikuwa limepauka na kuwa la kijivu upande uliopigwa na jua, na wengine wangelipaka rangi nyeusi siku hiyo hiyo. Yeye alieleza kwamba jiwe hilo, ambalo watu hulidhania marumaru, ni jiwe la chokaa lenye chembe ndogo sana lililochimbwa Ubelgiji, hasa eneo la Namur, na kwamba rangi ingeufunika mng'ao wake. Hakuliosha kwa maji mengi, maana vipande vyake vimeshikizwa kwa ndani kwa plasta na gundi ambavyo maji huvilegeza, wala hakuruhusu siki au ndimu ilikaribie, kwa sababu asidi hula chokaa. Alilisugua kwa msasa laini, kila mara laini zaidi, kisha akapaka nta nyeusi na kuisugua kwa kitambaa mpaka jiwe likarudisha weusi wake. Pembe zilizomeguka alizijaza epoksi iliyochanganywa na unga mweusi, na ni jicho la karibu tu linaloona kiungo.

Mtambo wenyewe una muhuri wa Japy Frères, watengenezaji wa mitambo ya saa wa Ufaransa. Alilegeza springi zote mbili polepole kabla ya kuyatenganisha mabamba, kwa kuwa springi iliyojaa ikifyatuka huvunja meno ya magurudumu na kumjeruhi fundi, na akabadilisha bushi, yaani vipete vya shaba ambamo ncha za mihimili huzunguka, pale tu matundu yalipokuwa yamelika. Ustadi wake niliuona zaidi kwenye pendulamu, ambayo ilikuwa imepotea. Bamba la nyuma limegongwa tarakimu 5 na 4, yaani urefu wa pendulamu wa inchi 5 na mistari 4 (mstari ni sehemu ya kumi na mbili ya inchi) kwa kipimo cha zamani cha Ufaransa, takriban milimita 144, naye akaitengeneza mpya kwa kuufuata urefu huo badala ya kubahatisha. Sasa saa inakwenda siku 8 kwa kujazwa mara moja, na mwendo wake hurekebishwa kwa ncha ndogo ya ufunguo kupitia tundu lililo juu ya XII.

Kasoro ni michoro iliyochongwa usoni. Aliijaza rangi ya unga wa shaba, ambayo hufifia na kuwa kahawia, wala hakuniuliza kama ningependa karatasi ya dhahabu. Kwa shilingi 700,000 nilizolipa, swali hilo lilinistahili, na ni vyema mteja aandikiane na fundi kuhusu jambo hilo mapema.

Atakayeipeleka saa yake huko aitoe pendulamu kwanza na kuifunga peke yake, kisha alibebe kasha kwa kulishika chini, maana sehemu ya juu huweza kung'oka ikibeba uzito wote.